Maziwa ya Kukata Sumu

Nyumbani Waithaka, Jumamosi mchana

Kwako Nekesa, uliyebeba jina la mama yangu,

Wewe na mama yako mmeenda Kenyatta Market kusukwa, na wasusi wa pale nawajua. Wakisema masaa matatu, ujue jua litazama wakiwa bado wanne kichwani mwako. Kwa hivyo nina alasiri nzima, nina kalamu, na nina dada yako Njeri hapa mezani anachagua maharagwe. Mambo ya sweta, pasipoti na dawa ya kifua mama yako amekuambia mpaka umechoka, mimi siongezi neno. Barua hii ina jambo moja tu, na si zuri. Nitakupa kesho asubuhi mkononi, kabla ya chai. Nilifikiria kuitia ndani ya begi uikute ukishafika Denmark, halafu nikajiuliza huo ni ujanja wa nani, nikaona ni ule ule wangu wa siku zote.

Nianze na Jumapili iliyopita. Pale kanisani walipokuombea, pasta alikutaka usome ile barua uliyowaandikia watu wa chuo cha huko, iliyofanya wakuchague. Uliisoma kwa Kiswahili ili nyanya yako asikie. Ulisema baba yako alikuwa fundi wa betri za magari, akiyeyusha risasi, yale madini mazito ya ndani ya betri, katika ua wa nyumba yetu, na kwamba sumu yake ndiyo iliyoingia kichwani mwa dada yako mdogo. Halafu ukainua macho ukanitafuta, ukasema, "Baba yangu hakujua. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia." Akina mama wakatoa leso. Mimi nikasimamishwa, nikavishwa blanketi, mwenyekiti wa wazee akaniita mzazi wa mfano. Nilisimama mbele ya watu wote na blanketi mabegani, jasho likinitoka, nikasema asanteni sana.

Nekesa, niliambiwa. Niliambiwa na watu wawili waliojua wanachosema, na hata wasingeniambia, bado nilijua.

Nilipotoka Bungoma sikujua hata betri inafunguliwa upande gani. Aliyenifunza ni mzee mmoja tuliyemwita Mbugua, aliyekuwa na kibanda nyuma ya Kirinyaga Road, kule maduka ya vipuri yalikobanana. Alinifunza kumwaga asidi, kupasua boksi, kutoa zile sahani za risasi na kuziyeyusha kwenye karai juu ya makaa mpaka zing'ae. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea kwenye kifundo, akiuinua unaning'inia, na ufizi wake ulikuwa na mstari mweusi. Sisi wanafunzi wake tulimcheka kwa siri. Siku ya kwanza kabisa aliniambia, "Hii kitu ni sumu. Ikifika saa kumi na moja unanawa mpaka kwa kiwiko, ovaroli inalala hapa kwa msumari, halafu unakunywa maziwa. Maziwa inakata."

Kwa miaka yote niliyokaa kwake, kila jioni nilinunua pakiti ya nusu lita, nikaing'ata pembe, nikainywa nimesimama. Mafundi wa betri niliowajua wote walikuwa wanakunywa maziwa. Wapaka rangi pia, na wachomeleaji. Ulipofika chuo kikuu uliniambia maziwa hayakati kitu, ni imani tu ya mafundi wa jua kali, na tukacheka. Lakini fikiria vizuri ulichokuwa unakicheka. Mtu hanywi dawa ya kitu ambacho hajui ni sumu. Miaka yote niliyosema sikujua, nilikuwa nimekunywa ushahidi wangu mwenyewe hadharani, na hakuna aliyeniuliza.

Wewe ulipofika miaka sita nilichoka kuajiriwa. Babu yako, baba ya mama yako, alinionyesha kona hapa kwenye ploti yake, karibu na tangi la maji. Nikapigilia mabati, nikawa bosi wa karai langu mwenyewe. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ukilisimulia linaonekana dogo. Kutoka kwa mzee Mbugua nilichukua maziwa, nikaacha kunawa na nikaacha msumari. Nilijiambia, nyumba yenyewe ni hatua ishirini, ovaroli ilale nje kwa nini? Nikawa nakunywa pakiti yangu, najiona nimesafika ndani na nje, naingia hivyo hivyo, nakaa kwenye kiti hiki nilichokalia sasa. Njeri alizaliwa mwaka uliofuata. Nilimpakata nikiwa na ovaroli. Alizoea kunyonya kifungo cha hapa kifuani, na mama yako alikuwa anacheka, anasema huyu mtoto amependa chuma. Ovaroli ilifuliwa katika beseni moja na nepi zake. Maziwa ya kukata sumu niliyanywa mimi peke yangu.

Mtu wa pili kuniambia alikuwa mteja kutoka mtaa wa Mountain View, mwalimu wa kemia aliyekuwa amestaafu, mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Wewe ulikuwa shuleni. Njeri alikuwa na mwaka mmoja na miezi kidogo, ameketi kwenye lile vumbi la kijivu kando ya karai, anachora kwa kidole halafu anaramba kidole. Yule mwalimu alimwangalia kwa muda mrefu.

"Baba," akaniambia, "huyu mtoto mtoe hapo leo. Si kesho. Na umpeleke apimwe damu, waambie watafute risasi."

"Madam, sisi tunakunywa maziwa."

"Na huyu anakunywa?"

Nilimfungia betri yake, nikakaza nati kwa hasira mpaka moja ikakatika. Alipoondoka mama yako alitoka jikoni, akauliza yule alikuwa anasema nini. Nikamwambia, "Ni kulalamika tu. Watu wa Mountain View hawajui kazi ya mkono." Baada ya wiki mbili yule mwalimu alirudi, bila shida yoyote ya gari, akaniletea karatasi aliyokuwa ameandika jina la kliniki na siku za kwenda. Aliandika kwa herufi kubwa, kama anayemwandikia mtu asiyeweza kusoma vizuri. Nilimshukuru. Alipopinda kona nikaitumia karatasi hiyo kuwashia makaa.

Sasa utauliza kwa nini. Mimi mwenyewe nimejiuliza kuliko utakavyowahi kuniuliza, na jibu ninalolipata ni la kuaibisha. Mwanamume wa kwetu haishi kwa wakwe. Ndugu zangu kule Bungoma walikuwa wananiita mke aliyeolewa Waithaka, wakicheka, na mimi nikicheka nao. Kile kibanda cha mabati ndicho kilichonifanya niweze kukaa meza moja na babu yako bila kuinamisha kichwa. Kumwambia kwamba nimetia sumu kwenye udongo wa baba zake, na kwamba mjukuu wake anairamba, ilikuwa ni kufunga kibanda na kurudi kuwa mtu wa kuonyeshwa pa kulala. Niliweka heshima yangu upande mmoja na Njeri upande mwingine, nikachagua. Watu husema "sikufikiria." Mimi nilifikiria. Nilifikiria kila siku kwa miaka mitano, hasa jioni nikinywa maziwa.

Njeri alikuwa na miaka sita alipoanguka pale nasari, akitetemeka, povu likimtoka. Miezi mingi kabla ya hapo tumbo lilikuwa linamsokota na alikuwa anapoteza maneno aliyokuwa ameyajua. Tulisema ni minyoo. Hospitalini walipima damu, wakakuta risasi nyingi sana. Wewe pia walikupima wakakuta kidogo, maana ulishinda shuleni na ulikuwa umepita umri wa kuramba vidole. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimgeukia mama yako kwanza kwa sababu ndiye aliyempakata mtoto.

"Mama, ukiwa na mimba yake, ulikuwa unakula odowa?"

Unazijua odowa, yale mawe laini ambayo wajawazito huuziwa sokoni. Mama yako akasema ndiyo, kila siku, alikuwa anayabeba kwa mkoba. Daktari akasema mengine ya mawe hayo huwa na risasi ndani. Halafu akanigeukia mimi.

"Na baba anafanya kazi gani?"

"Fundi."

"Fundi wa nini?"

"Magari," nikasema. Akaandika.

Hata hivyo walikuja. Watu wa afya walifika hapa kuangalia ua, na kufikia siku hiyo karai lilikuwa halipo, na nilikuwa nimemwaga saruji juu ya lile vumbi. Lakini betri walizikuta, na udongo waliuchota kando ya saruji. Wakaniambia nifunge kazi, nikafunga. Mmoja akaniuliza kwa upole, "Mzee, kwani hukuwa unajua?" Nikasema hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Sentensi uliyoisoma kanisani ilizaliwa pale, karibu na tangi. Uliipata kwangu ukiwa na miaka kumi na tatu, ukaitunza vizuri, ukaipeleka mpaka Ulaya.

Lakini ubaya wangu mkubwa haukuwa huo. Niliufanya siku ile ile ya daktari, tukiwa kwenye benchi tunasubiri dawa. Mama yako aliniuliza polepole, "Baba Nekesa, ni mimi?" Nilimwona alivyokuwa ananiangalia, anataka niseme la. Nikamwambia, "Daktari amesema mawe ndiyo yalianza. Hiyo ya betri iliongezea tu."

Daktari hakusema hivyo. Alisema mengine ya mawe huwa na risasi, basi. Mimi ndiye niliyemalizia. Mama yako alimfunika Njeri miguu na leso akaendelea kusubiri dawa. Tangu siku hiyo hajakaa benchi moja na mwanamke mjamzito kanisani, umewahi kugundua? Sokoni akiona muuza odowa huvuka upande wa pili. Na ukimwona amepiga magoti kando ya kitanda cha Njeri, huwa unafikiri anaomba mtoto apone. Mama yako anaomba msamaha. Anamwomba Njeri, anamwomba Mungu, na miaka kumi na moja mimi nimekuwa upande wa pili wa ukuta wa chumba hicho, nikisikia, nikijigeuza kitandani.

Na wewe nilikuingiza katika dhambi hiyo bila kukuuliza. Unakumbuka ukiwa kidato cha pili, mama yako alipokuambia usiende ile safari ya shule kwa sababu hakuna wa kukaa na Njeri? Ulimwambia, "Kwani ni mimi nilikula mawe? Si ni wewe?" Mama yako aliweka mwiko chini akatoka nje. Mimi nilikuwa hapa hapa, nina kijiko cha githeri mdomoni. Nilimeza kwanza. Halafu nikakukemea, nikakuita mtoto asiye na adabu, nikakulazimisha umfuate mama yako umwombe msamaha. Ulimfuata ukilia. Nilikaa nikiwasikiliza nyote wawili mkilia nyuma ya jikoni kwa ajili ya neno lililotoka mdomoni mwangu, na nikajiona baba anayejua kulea. Hilo neno halikuwa lako, Nekesa. Nilikuwekea mimi.

Sasa nikuambie kwa nini naandika leo, maana nisingependa udhani nimeamka tu na moyo safi. Ilianza na ile barafu yako.

Siku barua ya kukubaliwa ilipokuja, tulikuwa tunakula, na nikakutania kwamba umesoma kemia miaka minne uende kuwa muuza barafu. Ukacheka, ukasukuma sahani kando, ukaanza kunieleza.

"Daddy, huko Greenland, kile kisiwa cha barafu cha Denmark, theluji ikianguka haiyeyuki. Ya mwaka huu inalalia ya mwaka jana, inaikandamiza mpaka inakuwa barafu. So ukichimba kwenda chini ni kurudi nyuma tu. Unatoa kipande kirefu kuliko hii nyumba, kidogo kidogo, unakisoma mwaka kwa mwaka."

"Unasoma nini? Barafu imeandikwa?"

"Iko na kemikali. Volkano ikilipuka mahali mbali kabisa, moshi wake unafika, unaacha asidi ya salfa kwa barafu ya huo mwaka."

"Asidi ya betri?"

"Ile ile, daddy. Na miaka inafuata unakuta kulikuwa na baridi, watu walikosa mavuno. Dunia ikiwa baridi na kavu, vumbi inakuwa mingi. Chumvi inakuambia vile bahari ilikuwa. Yote imekaa tu hapo, inangoja mtu aipime."

Nilipenda vile ulivyokuwa unaongea. Nikakuuliza kama mikono yenu haichafui hiyo barafu, ukafurahi, ukasema hilo ndilo swali lenyewe. Ukanieleza kwamba sehemu ya nje iliyoguswa na mashine na watu hutolewa yote, na ya katikati peke yake ndiyo inayeyushwa polepole na kupimwa. "Mtu kama wewe ukipumua tu karibu unaharibu," ukasema, na Njeri akacheka kwa sababu wewe ulicheka. Nikaangalia kucha zangu.

Ndipo ukafika kwenye risasi. Ulisema barafu hiyo inaonyesha hata watu wa kale walipoanza kuyeyusha madini, maelfu ya miaka iliyopita, kwa sababu moshi wao ulifika huko juu. Kisha inaonyesha risasi ikipanda kwa fujo ilipotiwa kwenye petroli, na ikishuka ilipoondolewa. Hapo sauti yako ikabadilika.

"Na walijua, daddy. Hiyo ndiyo inaniuma. Wale waliiweka kwa petroli walijua ni sumu, wafanyakazi wao walikuwa wanarukwa na akili, wanakufa, na bado wanaambia watu hakuna shida. Barafu inaonyesha risasi, lakini haionyeshi walijua. Hiyo ilibidi itafutwe kwa makaratasi yao." Ukapiga meza kwa kiganja. "Hao mimi siwezi wasamehe. Mtu hajui, sawa. Lakini mtu anajua na ananyamaza?"

Nilikuambia uongeze mboga. Hilo ndilo jibu nililokupa, mwanangu, na wewe ukaongeza.

Hata baada ya siku hiyo ningenyamaza, nakuambia ukweli. Miezi mitatu ilipita nikanyamaza. Kilichonifikisha hapa ni jino. Jumatano hii ulimwomba mama yako lile jino la mbele la Njeri, la utoto, alilolitunza kwenye kichupa cha dawa. Ulimweleza pole pole kwamba jino nalo hukua kwa tabaka, karibu na barafu inavyofanya, na kwamba ndani yake kuna mstari wa siku ya kuzaliwa. Kilicho ndani ya mstari kiliingia mtoto akiwa tumboni, kilicho nje kiliingia amezaliwa. Ukasema kuna mwenzako huko ana mashine ya kuyasoma meno, na utamwomba.

Mama yako alikishika hicho kichupa kwa mikono miwili. "Na ikipatikana ni mawe yangu?"

"Basi tutakuwa tumejua, mum. Lakini mimi sidhani. Nataka uache kujibeba."

Akakupa. Nilikuwa mlangoni. Niliona uso wake, na nakuapia sijawahi kuona mtu akingoja hukumu vile, hata kortini. Atangoja miezi. Wewe utakuwa huko kwenye baridi, naye atakuwa hapa anapika, anafua, anangoja mashine imwambie kama ndiye aliyemharibu mtoto wake. Na mtu mwenye jibu analala kando yake.

Jino linaweza kukuambia mwaka. Huenda likaonyesha kidogo tumboni, kwa sababu mama yako alikula mawe na pia alifua ovaroli zangu akiwa na mimba, sijui. Lakini najua litakachoonyesha baada ya mstari huo. Litaonyesha risasi mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, mpaka siku lilipong'oka. Halitaonyesha yule mwalimu wa Mountain View akisimama uani. Halitaonyesha karatasi niliyowashia makaa. Kuhusu hayo, makaratasi yangu ni haya unayoyasoma, na kama nisingeyaandika, ungepata vipimo sahihi kabisa na bado ungeniita mtu aliyekuwa hajui.

Sina mawaidha. Nina jambo moja tu nililolijua kwa njia mbaya, na unaweza kulichukua au kuliacha. Huko uendako utakutana na wakubwa watakaokuambia hawakujua. Usibishane nao. Angalia walikuwa wanajikinga na nini wao wenyewe. Na wewe, siku utakayojikuta umevaa glavu, na aliye kando yako anakishika kitu hicho hicho kwa mkono mtupu, usiende nyumbani kabla hujamwambia.

Usinisamehe haraka pia. Ninakujua, una moyo wa nyanya yako, utataka kunisamehe kabla ya ndege kuruka ili usafiri ukiwa mwepesi. Nitakasirika ukifanya hivyo. Mama yako hajawahi kupewa msamaha wa haraka, naye hakuwa na kosa.

Njeri nimemwambia leo, kabla sijashika kalamu. Nilimwambia kwamba kichwa chake kilipata shida kwa sababu yangu, kwamba niliambiwa nimtoe pale nikakataa. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichagua maharagwe. Akasema, "Sawa." Halafu akaniuliza kama umerudi, mara ya tano tangu saa sita. Nilimwambia bado. Nilidhani nitajisikia nafuu baada ya kumwambia, na sikujisikia, na nafikiri ndivyo inavyofaa.

Jioni mkirudi nitamwita mama yako nyuma ya nyumba nimwambie. Yeye lazima ajue kabla yako. Kwa hivyo ukisoma haya asubuhi, ujue ameshasikia. Sijui atafanya nini. Ploti ni ya baba yake, na akiniambia nitoke nitatoka, na nguo zangu nimeshaziangalia zitaingia kwenye begi gani. Ninaogopa, Nekesa. Nina miaka hamsini na nne na ninaogopa kusikia geti likifunguliwa.

Kesho saa nne gari la kanisa litafika kutuchukua kwenda airport. Pasta atakuwamo, nyanya yako atakuwamo, wanakwaya watataka kupiga picha na wewe katikati, mimi na mama yako kila upande. Ukimaliza kusoma, njoo uniambie kitu kimoja tu, kama nipande gari hilo au nisipande. Usinihurumie kwa sababu ya watu. Ukisema nibaki, nitabaki na Njeri, na wakiuliza baba yuko wapi sitasema mgongo unauma. Nitatoka mpaka kwenye mlango wa gari niwaambie ni kwa nini.

Baba yako,
Wafula